Je, fonti maalumu humsaidia mtoto mwenye disleksia?

SWALI: Mwanangu mwenye umri wa miaka 9 ana disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika). Nimeshauriwa kununua fonti (mtindo wa herufi za kompyuta) ambayo herufi zake ni nene upande wa chini, ati zisipinduke machoni mwake. Je, itamsaidia kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, usifanye haraka kutoa fedha. Fonti ya aina hiyo iitwayo Dyslexie, iliyobuniwa mwaka 2008 na Mholanzi Christian Boer, ambaye mwenyewe ana disleksia, imejengwa juu ya dhana kwamba b na d huchanganywa kwa sababu zinafanana na kugeukageuka. Hata hivyo, kwa walio wengi kiini cha tatizo ni kuhusianisha sauti za lugha na herufi, ndiyo maana mtoto anaweza kuinakili b bila kosa, kisha akaitamka d.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima watoto wanaosoma kwa shida: walisoma kwa kasi zaidi kidogo kwa Dyslexie kuliko kwa fonti ya kawaida ya Arial, lakini Arial ilipoongezewa nafasi kati ya herufi na kati ya maneno hadi ikalingana nayo, tofauti hiyo ilitoweka. Nafasi hizo unaweza kuzipanua mwenyewe katika programu ya kuandikia, bila kulipa chochote.

Mwanao akiipenda fonti hiyo, mwache aitumie (ingawa kuipenda si sawa na kusoma vizuri zaidi). Fedha ulizotenga zielekeze kwa mwalimu atakayemfundisha kwa utaratibu, sauti moja baada ya nyingine, jinsi herufi zinavyounda silabi na silabi zinavyounda maneno.