Umepewa usimamizi wa zamu mahabusu? Anza na askari wako

Wengi wakipandishwa kuwa wasimamizi wa zamu kwenye kituo cha mahabusu cha jiji kitu cha kwanza wanachowaza ni mahabusu wenyewe, nani mkorofi, nani anapitisha simu, nani hakai na nani selo moja. Mi baada ya kushika zamu kwa muda nasema anza na askari wako. Askari akiingia amenuna, selo zote zinajua kabla hata hajamaliza kuhesabu watu. Ukimfokea mbele ya wenzake hasira ile haipotei, anaenda kuimalizia mlangoni kwa mtu aliyeomba maji tu. Kwa hiyo ukitaka kumrekebisha askari muite pembeni, na ukitaka kumsifia msifie mbele ya watu, hiyo haigharimu chochote na inasaidia kuliko vikao vyenu vyote.

Halafu ujue uko wapi. Kituo cha jiji sio gereza la watu wa vifungo virefu, huku watu wanaingia usiku wa manane, mmoja kalewa, mwingine katoka kugombana nyumbani, mwingine hajawahi kuvalishwa pingu maishani anatetemeka tu, na wengi hawajahukumiwa, yani kisheria hawana hatia mpaka mahakama iseme. Kanuni za Mandela, zile za namna ya kuwatendea wafungwa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mahabusu watengwe na waliohukumiwa. Najua vituo vingi vimejaa mpaka kutenga inakuwa shughuli, lakini angalau yule wa mara ya kwanza usimtupe na wazoefu kwa sababu tu selo yao iko karibu na mlango.

Sasa kitabu cha ukaguzi, hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanapofia. Nilishakuta kitabu kimejazwa saa nne kamili, saa nne na nusu, saa tano kamili, saa tano na nusu, hivyo hivyo mpaka alfajiri, wino ule ule, mwandiko umenyooka, kila mstari "hali shwari". Jamani, hakuna binadamu anayezunguka korido usiku kucha bila kuchelewa hata dakika mbili! Hicho kimejazwa kwa mkupuo mmoja mtu akiwa kwenye kiti. Usianze na barua ya onyo, inuka uzunguke naye raundi inayofuata, umuulize taratibu yule wa selo ya mwisho amelala kageukia wapi. Akishajua bosi anatembea, na yeye atatembea. Na raundi zisifanane, mara dakika 20, mara 12, mara 25, maana ukipita kwa saa maalum mahabusu wanakukariri, na mwenye nia yake mbaya anajua ana muda gani. Unapohesabu usiku usihesabu blanketi, ona kifua kikipanda na kushuka ndo uhame.

Nasisitiza hivyo kwa sababu hatari kubwa kwenye vituo vyetu sio kutoroka kama watu wa nje wanavyodhani, ni mtu kujidhuru. Saa 24 za kwanza na zile siku za mwanzo ndo mbaya zaidi, na jioni ya mtu kurudi mahakamani amenyimwa dhamana. Kuna jioni kijana mmoja mgeni kabisa kazini alinifuata akaniambia, "Afande, yule aliyerudi mahakamani kagawa sabuni yake na kandambili, na hajagusa chakula." Hakuna kelele wala vurugu, mtu kagawa vitu tu, mzoefu angepita. Tukamtoa selo, nikakaa naye, nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua (kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, acheni kuogopa) akainamisha kichwa akalia. Akaitwa mtu wa afya na usiku ule hakuachwa peke yake. Kesho yake kwenye gwaride nilimtaja yule askari mbele ya wote, na baada ya hapo kila mtu akawa anaona vitu vidogo vidogo.

Walevi nao usiwachukulie kama kichekesho. Mnywaji wa kila siku akikatika pombe ghafla anaanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache, anaweza kuanguka degedege, na siku ya pili ya tatu anaweza kuona vitu ambavyo havipo. Askari asiyejua atasema anajifanya. Mpeleke kwa daktari, ugomvi wa gari na mafuta utakuja baadaye.

Kuhusu nguvu, mi naongea kifupi. Kanuni ya 82 kwenye zile za Mandela inaruhusu nguvu pale mtu anapojihami, anapozuia kutoroka au mahabusu anapogoma amri kwa mwili wake, na hata hapo isizidi kinachohitajika na iripotiwe mara moja. Ila kitu ambacho karatasi haikuambii ni kwamba ukishamtia pingu mtu akiwa kifudifudi mgeuze haraka, alale ubavu au akae, asikaliwe mgongoni hata dakika moja. Akisema hawezi kupumua muamini, habari ya kwamba mbona anaongea iacheni kabisa, watu wamekufa hivyo. Wewe msimamizi usiwe kwenye kushika, simama pembeni uone, maana waliomshika damu imechemka na lazima awepo mmoja wa kusema basi.

Nyapara je, yani mahabusu anayesimamia wenzake? Vituo vingi vinawategemea, nami naelewa kwa nini, askari wachache watu wengi. Agawe ufagio sawa, apange foleni ya kuoga sawa. Lakini siku utakapomwachia aadhibu au aamue nani analala wapi ujue ameanza kuuza nafasi, na kituo sio chako tena. Kanuni ya 40 imekataza mfungwa kupewa madaraka ya nidhamu, na hii sio mambo ya wazungu wa ofisini, ukiwa na masikio utasikia mwenyewe bei ya kulala mbali na choo.

Kwa mahabusu sheria yangu ni moja, usiahidi usichoweza. Akiomba simu kwa ndugu zake na jibu ni hapana, sema hapana na sababu yake. Ukisema "ngoja nakuja" halafu usirudi, askari wa zamu inayofuata ndo atakayepigiwa milango usiku kucha kwa ajili yako, na yeye hata hajui kosa ni nini.

Ndo maana makabidhiano yasiwe ya kutupiana funguo huku mmoja ana begi begani. Zungukeni wote wawili, hesabuni wote, na mwambie kwa mdomo mambo ambayo kitabu hakibebi: huyu kafiwa, huyu anaenda mahakamani asubuhi, hawa wawili wametukanana jioni, huyu nilimwahidi dawa saa mbili na bado hajapata. Hiyo ya dawa aandike mbele yako, ndo utoke getini.