Fundi wa Piano: Uzi Ukikatika Katikati ya Kazi

Fundi, nilikuwa naituni piano ya kanisa, uzi mmoja wa juu ukakatika. Ibada ni kesho. Nifanyeje? (Mwalimu wa kwaya, Tanga)

Pole, mwalimu. Noti za katikati na za juu huwa na nyuzi tatu tatu, kwa hiyo zilizobaki zitakuvusha kesho na waumini wengi hawatatambua. Ila kagua jirani. Kwenye piano nyingi waya mmoja huzungushwa kwenye msumari wa chini na kurudi juu ukiwa uzi wa pili. Ukikatika upande mmoja, wa pili nao hulegea, na pengine huo ni wa noti nyingine. Utoe wote usije ukagusa nyuzi nzima, kisha uutunze: fundi ataupima unene kwa maikromita. Uzi mpya utakuwa unashuka, itabidi uutuni tena na tena wiki za mwanzo.

Na hizo nyingine zikiwa na kutu, usizivute juu moja kwa moja. Legeza kidogo kwanza, usikie kutu ikiachia, "tik", ndipo upandishe.

Pini zinazokaza nyuzi hazishiki. Nikipandisha noti, muda mfupi imeshuka tena.

Hapo mgonjwa ni ubao unaozishika. Pini moja au mbili hubadilishwa kwa nene zaidi. Wengine hudondoshea supa gluu nyepesi pembeni mwa pini, na mimi siwalaumu. Mafuta hapana, hata tone. Zikiwa nyingi, acha kung'ang'ania A ya 440, kipimo cha kawaida cha kutunia. Nyuzi zote pamoja huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 18, na ubao uliochoka hauwezi kushindana nayo. Ituni nusu toni chini, noti zipatane zenyewe kwa zenyewe. Kwaya itaimba vizuri tu. Atakayenuna ni mpiga tarumbeta, ambaye ala yake haishuki kirahisi hivyo.

Kibonye kinabaki chini. Nipulize WD-40, yale mafuta ya kopo? (Mombasa)

Usithubutu! Italowanisha vitambaa vya ndani. Tafuta kwanza sarafu au penseli iliyotumbukia. Kisha fungua ubao wa mbele, bonyeza, achia. Nyundo inayogonga uzi ikirudi sawasawa lakini kibonye kikabaki chini, unyevu wa pwani umevimbisha kitambaa kinachozunguka pini zake. Nyundo ikijikokota, kiungo chake kimekaza: mwite fundi.

Noti moja ya besi ikipigwa, kuna kitu kinatetemeka na kuvuma vibaya.

Umeondoa ile picha ya harusi juu ya piano? Anzia hapo, huenda ndiyo inayotetemeka.