Kabla ya mwalimu wa tuisheni, itafuteni karatasi ya mtihani

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mwalimu mzuri wa tuisheni ya Kiingereza, kwa kijana wa sekondari anayefeli mitihani, mzazi atampata wapi na atamjuaje? Nimelisoma swali hilo nikakereka. Mmeliuliza kana kwamba tuisheni ni sare ya shule, kwamba kila mzazi ataigharamia tu na kilichobaki ni kuchagua fundi. Mimi ningeanzia kwingine. Inakuwaje mtoto akae darasani miaka minne, vipindi vya Kiingereza kila wiki, na karibu masomo yake yote yakifundishwa kwa Kiingereza hichohicho, kisha bado atafutiwe mtu wa pembeni wa kumfundisha Kiingereza?

Wengi wetu tunajua inavyokuwa. Hapa Tanzania, tangu 1967 shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, na sekondari imebaki kwenye Kiingereza. Mtoto wa Kayumba, yaani wa hiyo shule ya msingi ya serikali, anamaliza darasa la saba akiwa anakueleza mmeng'enyo wa chakula vizuri kabisa. Januari anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kuzoeshwa lugha, halafu mwalimu wa Baiolojia anaingia na kujaza ubao. Ananakili. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wakaripoti kwamba wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Ni miaka zaidi ya 40 sasa. Vijana wengi walioko sekondari leo, kama hawakupita shule za mchepuo wa Kiingereza, walikianza kama somo wakiwa darasa la tatu. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umekishusha hadi darasa la kwanza, na naombea kwa dhati uzae matunda, lakini matunda hayo hayatamfikia mwenye mtihani Novemba hii.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa muda mrefu ulikuwa huu: tuisheni ya Kiingereza inamtoza mzazi mara ya pili kwa kazi ambayo shule ilipaswa kuifanya. Na nyingi hata kazi yenyewe hazifanyi. Mnavijua vile vituo vya buku, shilingi elfu moja, kwa siku, mabenchi yamebanana, kijana mmoja mbele na rundo la mitihani iliyopita. Anasoma swali, anaandika jibu, watoto wananakili, wanakwenda swali linalofuata. Mtoto anarudi nyumbani na daftari lililojaa majibu mazuri ambayo si yake. Kibaya zaidi ni yule mwalimu anayepita juu juu mada darasani mchana, kisha jioni anaifundisha kwa kina kwa waliolipa. Hao wapo. Mzazi mwenye mtoto shuleni hahitaji kuambiwa.

Lakini kuna jioni moja ambayo kila nikianza kuandika kwamba tuisheni ifutwe, inanijia.

Mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu, Morogoro. Upimaji wa kidato cha pili alikuwa amevuka kwa shida, Kiingereza D, Historia F, na dada yangu alishaamua kwamba binti lazima apate mwalimu. Jirani akatuelekeza kwa kijana mmoja aliyemaliza shahada ya ualimu, akisubiri ajira za serikali kupitia TAMISEMI, asubuhi anaendesha bodaboda. Dada akaniita nije nimwangalie. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumkataa.

Alikuja Jumamosi baada ya alasiri. Tulikuwa barazani. Dada alikuwa ameyapanga madaftari yote juu ya stuli, yamefunikwa kwa karatasi za kaki, na chai ipo. Kijana akaamkia, akakaa, akayatazama yale madaftari bila kuyagusa. Akamuuliza binti: "Una karatasi ya mtihani wako wa mwisho?"

Binti akamtazama mama yake. Mama mtu akamwambia, "Lete." Akaingia ndani, akakawia. Baadaye nilikuja kujua ilikuwa chini ya godoro. Aliirudisha imekunjwa mara nne, na juu pameandikwa 36 kwa wino mwekundu, ikazungushiwa duara.

Kijana akaifungua, akainyoosha juu ya goti lake, akaanza kusoma. Alisoma kila ukurasa. Alikawia kiasi kwamba dada aliinuka kwenda kutazama jiko, akarudi, naye bado anasoma. Alikuwa na penseli, akiweka alama ndogo ndogo pembeni. Mimi nilikuwa nasubiri aseme yale tuliyozoea, kwamba binti hana msingi, kwamba itabidi kuanza na nyakati za vitenzi. Badala yake akamgeuzia binti karatasi na kuanza kumwonyesha alama zilikopotelea. Hapa hukusoma agizo. Hapa ulielewa swali lakini ulijibu nusu. Hii ni barua rasmi, umeandika anwani moja, zinatakiwa mbili. Huku nyuma kwenye fasihi umeacha maswali mawili wazi. Kwa nini?

"Sijawahi kukisoma hicho kitabu," binti akasema. "Kiko kimoja, kinakaa kwa mwalimu. Sisi tuna madesa."

Madesa, yaani zile notisi za kupokezana zenye majina ya wahusika na orodha ya dhamira. Mimi na dada tukatazamana. Tulikuwa tumemgombeza mtoto muhula mzima kwa uvivu wa sarufi, na sehemu kubwa ya alama zake zilikuwa zimelala kwenye maswali ambayo hakuyagusa kabisa.

Kisha wakafika kwenye ufupisho. Habari ilihusu kijiji kilichochimba kisima, kamati ikagombana juu ya michango, pampu ikaharibika. Walitakiwa kufupisha kwa maneno yasiyozidi 60. Binti alikuwa amechukua sentensi za kwenye habari kama zilivyo, moja baada ya nyingine, nusu ukurasa mzima. Kijana akaweka karatasi kifudifudi. "Nisimulie kwa Kiswahili. Ilikuwaje pale kijijini?"

Binti akasimulia. Akasimulia vizuri, na hasira kidogo, maana mwenyekiti wa kamati alikuwa amekula hela. Hakuna alichoacha. "Basi umeielewa habari yote," kijana akasema. "Sasa niandikie hivyohivyo kwa Kiingereza chako wewe. Ukikosa neno, tumia dogo unalolijua. Karatasi usiitazame."

Alichukua muda mrefu sana. Alifuta, akaandika, akafuta tena. Zikatoka sentensi nne. Vitenzi vilikuwa vimechanganyika, vingine vya jana vingine vya leo, na tahajia ya pampu sitaisema. Lakini kisima kilikuwemo, ugomvi ulikuwemo, pampu ilikuwemo, na maneno hayakufika 60. Kijana akasahihisha vitenzi peke yake. Akaviweka katika wakati uliopita, kimoja kimoja, huku akimwuliza kabla ya kuandika. Mengine aliyaacha.

Dada hakuridhika. "Mwalimu, mbona na haya makosa mengine yapo?"

"Yapo, mama. Nikiyasahihisha yote leo, kesho hataandika."

Nimeirefusha hadithi hii kuliko swali lenu linavyohitaji, lakini humo ndimo lilimo jibu langu. Kijana yule alijua kitu ambacho sisi hatukukijua: kwamba "kufeli Kiingereza" si ugonjwa mmoja. Kuna asiyeelewa anachosoma. Kuna anayeelewa na hawezi kuandika. Kuna asiyejua mtihani unamtaka nini. Kuna ambaye hajawahi kushika kitabu kinachotahiniwa. Mpwa wangu alikuwa na matatu ya mwisho, na la kwanza, ambalo ndilo tulilomdhania, hakuwa nalo. Mwalimu wa kituo angemnakilisha majibu ya ufahamu mwaka mzima.

Alimfundisha jioni mbili kwa wiki. Kila siku binti aandike nusu ukurasa juu ya chochote alichokiona, bila kamusi, na kila wiki aina moja tu ya kosa ndiyo ishughulikiwe. Kile kitabu cha fasihi alikiazima mahali, wakakisoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Na alikuja na nakala ya kitu ambacho nashangaa wazazi hatukifahamu. Kila mwaka Baraza la Mitihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na yake, na ziko kwenye tovuti yake. Ndani yake wanaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, na kubandika mifano ya majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Binti aliuona ufupisho wa mtu mwingine aliyenakili habari nzima kama yeye, na maelezo ya kwa nini alikosa alama. Sisi watu wazima tungeliongea jambo hilo mwezi mzima lisimwingie.

Kidato cha nne alipata C ya Kiingereza. Najua wapo watakaosema ni C tu. C inaanzia 45, na binti alitokea 36. Kilichonigusa zaidi ni Historia, kutoka F ya kidato cha pili hadi B, na hakuna mtu aliyempa tuisheni ya Historia. Sitamsifia kijana yule kwa yote, maana huenda mwalimu wa Historia naye alibadilika, na binti mwenyewe alikua. Lakini mtoto anayeweza kusimulia jambo kwa Kiingereza chake mwenyewe halazimiki tena kukariri aya za watu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msitafute. Nimefika hapa siwezi kulisema hilo. Shule yenye nakala moja ya kitabu na darasa la wanafunzi 70 haitasahihisha nusu ukurasa wa kila mtoto kila siku, hata mwalimu awe na moyo kiasi gani, na kuna walimu wenye moyo mkubwa sana. Kumwambia mzazi asubiri serikali ilhali mtoto yuko kidato cha tatu ni ukatili. Serikali idaiwe, na idaiwe kwa sauti kubwa, lakini mtoto asiwe ndiye wa kulipia hilo deni.

Basi tafuteni, ila kwa masharti. Asiwe mwalimu anayemfundisha mtoto huyohuyo somo hilohilo shuleni, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Mkaribishe siku ya kwanza na mkae naye, mumpe karatasi ya mtihani wa muhula ambayo shule imerudisha, kwa kuwa ya mtihani wa taifa hamtarudishiwa. Mtazameni anafanya nini nayo. Kiingereza chake cha kuongea kisiwababaishe, wapo wanaokimimina vizuri na hawajui kumfundisha mtu kuandika aya moja. Afundishie barazani au sebuleni, mahali ambapo mtu mzima anapita, na hilo nalisema kwa wenye mabinti na kwa wenye wavulana pia. Anzeni mapema, kidato cha tatu, au hata cha pili kabla ya upimaji, kwa sababu asiyefikia alama pale hurudia mwaka. Anayemwita mwalimu Septemba ili afanye miujiza Novemba atauziwa majibu ya kukariri, na sitamlaumu mwalimu. Muulizeni mtoto pia anataka nini baadaye. Anayeota tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, ya HGL au HKL (Historia na Kiingereza, pamoja na Jiografia au Kiswahili) lazima Kiingereza kikae vizuri kama somo. Anayetaka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) anahitaji zaidi kuweza kusoma swali la Fizikia na kulielewa, na mwalimu aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuna kaya ambazo hata jioni moja kwa wiki hazitaimudu, na sina jibu zuri kwao. Ninachoweza kusema ni kwamba ile nusu ukurasa ya kila siku haihitaji fedha, na taarifa za Baraza hazilipiwi. Kinachokosekana ni mtu wa kusoma alichoandika mtoto. Kama ukoo una kaka au shangazi aliyefika kidato cha sita, apewe kazi hiyo, na aipokee kwa uzito.

Mdogo wake mpwa wangu anaingia kidato cha pili Januari. Yule kijana alishapata ajira, yuko mkoa mwingine sasa. Juzi nilimpigia simu kumwuliza kama anamfahamu mwenzake yeyote hapa Morogoro anayefundisha kama yeye. Ameniambia yuko dada mmoja waliyesoma naye chuo, na akaniomba nimwambie mtoto asizitupe karatasi zake za mtihani za mwaka huu, hasa zile mbaya.