Kisu kikubwa cha kukunja cha kutembea nacho Uingereza

Habari ndugu. Umekwama kati ya kisu cha kukunja chenye makali ya sentimita 9 na loki (kifunga kinachozuia makali yasijikunje), na cha sentimita 7 kisicho na loki. Chukua cha pili. Sheria ya Uingereza ya 1988 (Criminal Justice Act) inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja bila kutoa sababu ikiwa makali hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kinajikunja kwa kusukumwa tu.

Anza na loki. Kifungue, sukuma mgongo wake polepole. Kikigoma mpaka ubonyeze kitufe au usogeze kibati ndani ya mpini, kiache, hata kikiwa kifupi. Ukubwa utafute kwenye mpini: sentimita 10 hujaza kiganja. Usidunge kitu kwa ncha, kwa kuwa hakina loki kinaweza kukufungia vidoleni. Na ukikibeba kwa kujihami, hicho hicho halali kinakuwa kosa.