Unaanza kujitolea? Punguza maneno

Nilipoanza kuwatembelea wenye msongo wa mawazo nilikuwa na maneno mengi mno. "Jipe moyo." "Yatapita tu." Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alinivumilia hivyo mara mbili, akivua saa yake ya mkononi na kuivaa tena. Mara ya tatu maneno yakaniishia, nikakaa kimya. Baada ya muda mrefu akasema, "Hii saa alininunulia yeye." Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza.

Si mimi wa kwanza kuligundua hilo. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha huduma ya kuwasikiliza watu wenye mawazo ya kujiua, jijini London. Waliojitolea kazi yao ilikuwa kukaa na waliosubiri zamu na kuwaandalia chai. Kumbe wengi, wakishazungumza na hao waandaa chai, walijiona wamepata walichofuata. Mwaka uliofuata kasisi akawaachia usikilizaji wenyewe. Zimbabwe nako, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hatoi suluhisho. Humsaidia mgonjwa achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi hizo walikuwa na dalili chache za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Siku mliyopanga, fika. Mwenye sonona mara nyingi anajiona mzigo, na usipotokea anahesabu kuwa umemthibitishia. Bora saa moja kwa wiki, mwaka mzima, kuliko kwenda kila siku kwa wiki mbili halafu ukapotea.

Ukihisi mtu anawaza kujiua, muulize waziwazi. Swali halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, na usimwahidi kumtunzia siri: mjulishe msimamizi wa wanaojitolea papo hapo. Mengine aliyokuambia yaishie kwako, hata mwenzio wa nyumbani asiyajue.

Na kile kikao kifupi na msimamizi baada ya ziara nzito, usikiruke. Mimi nilikuwa nakiruka nikisingizia haraka, hadi nikaanza kushtuka usiku wa manane kwa misiba isiyo yangu.