Lami ya kuingia nyumbani, nisaini au nisubiri?

SWALI: Habari za kazi, nataka kuweka lami kuanzia getini mpaka mlangoni, gari ndogo mbili zinapita hapo kila siku. Mkandarasi kaniletea karatasi imeandikwa "kuweka lami, kazi kamili" na bei tu, halafu anataka hela yote mapema. Nisaini?

JIBU: Usisaini bado ndugu yangu, hiyo karatasi haina kitu. Uzito wa gari unabebwa hasa na kokoto za chini, lami ni kofia tu, kwa hiyo mwambie aandike kwa sentimita, kokoto kama 15 hadi 20 zilizoshindiliwa kwa tabaka, lami 5 hadi 7, na aandike wazi kwamba ni unene baada ya rola kupita, maana hapo ndo wengi wanachezea, lami ya sentimita 7 ikishindiliwa inashuka mpaka 5 na nusu hivi, we unadhani umepunjwa kumbe ndo ulichosaini.

Maji nayo. Mteremko sentimita 2 kwa kila mita, uelekee mbali na ukuta. Na mfuniko wa karo nani ataupandisha ufike usawa wa lami mpya? Hicho husahaulika sana.

Mvua ikinyesha kazi iahirishwe. Lami inafika na joto la nyuzi 150 hivi, ikipoa kabla ya kushindiliwa imeharibika hiyo.

Hela lipa kwa awamu, ya mwisho utoe ukishamwaga ndoo kadhaa za maji ukaona hayatuami popote. Gari lisipite siku 3, jua likiwa kali ongeza.