Kuingia kwenye mradi wa utafiti wa mhadhiri: majibu kwa barua zenu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotaka kufanya kazi, au tayari wanafanya kazi, kwenye miradi ya utafiti ya walimu wao. Tumechagua tano.

SWALI: Niko mwaka wa pili, Morogoro, nasoma kilimo. Nasikia walimu wetu wana miradi lakini sijaona tangazo lolote ubaoni. Nimwendee mhadhiri vipi? GPA yangu ni 3.4. (Mwanafunzi)

Usisubiri ubao. Fedha za mradi zikiingia, mhadhiri huangalia kwanza nani yuko karibu naye, na tangazo likitoka, nafasi mara nyingi zimeshajaa.

Anza kwa kusoma. Chagua walimu wawili au watatu tu, kisha tafuta makala mbili za kila mmoja za miaka mitatu iliyopita. Soma ikisiri, sehemu ya mbinu na majedwali. Nadharia nzito zinaweza kusubiri. Ukishapata swali moja la kweli, andika ujumbe mfupi, kwa mfano:

“Shikamoo Dkt. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kilimo. Nimesoma makala yako ya uhifadhi wa mahindi na nimekwama kwenye jedwali la pili: kwa nini unyevu wa nafaka ulipimwa siku ya 30 na ya 90 tu? Ningependa kujifunza kazi hii kwa vitendo. Nina nafasi Jumanne mchana na Ijumaa nzima, saa 10 kwa wiki, mpaka mwisho wa muhula. Natumia Excel na KoboToolbox. Naomba dakika 15 nije ofisini wiki ijayo.”

Huo unatosha. (KoboToolbox ni programu ya kukusanya majibu ya dodoso kwa simu.) Kinachoharibu barua nyingi ni maneno “niko tayari kufanya chochote”. Mhadhiri anabaki na kazi ya kukutafutia kazi, na hana muda huo. Kosa la pili ni kutuma barua ileile kwa walimu kumi na watano. Wanakaa ujia mmoja, wanakunywa chai pamoja, na wataonyeshana.

Tuma wiki ya tatu au ya nne ya muhula. Wakati wa mitihani hakuna atakayesoma. Zikipita siku kumi za kazi bila jibu, kumbusha mara moja, kisha nenda mwenyewe saa zake za kuonana na wanafunzi. Waone pia wanafunzi wa uzamili na uzamivu walio chini yake. Kazi ya kila siku wanaisimamia wao, na ndio wanaojua wapi mikono imepungua.

Kuhusu 3.4, umebakiza hatua moja tu kufika daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. Alama hupimwa sana kwenye ufadhili na kwenye ajira ya kufundisha chuoni. Mradi unahitaji mtu atakayefika Ijumaa aliyosema atafika.

SWALI: Nimepokelewa kwenye mradi wa kaya za wakulima, lakini nimepewa madodoso 300 ya karatasi niyaingize kwenye kompyuta. Hii si kazi ya karani? Nimedharauliwa? (Mwaka wa tatu, Mbeya)

Hapana, ndugu. Umekabidhiwa mahali ambapo utafiti huharibika kimyakimya, na ukipafanyia kazi vizuri utaujua mradi huo kuliko wengi walio kwenye orodha ya majina ya watafiti.

Kwanza piga hesabu. Dodoso la kurasa nane huchukua dakika 15 hadi 20, kwa hiyo 300 ni saa 75 hadi 100. Kwa saa 10 kwa wiki hizo ni wiki 8 hadi 10. Mwambie msimamizi leo, asije akadhani utamaliza mwisho wa mwezi.

Kabla ya dodoso la kwanza, omba mwongozo wa misimbo, yaani orodha ya namba zinazosimama badala ya majibu. Kama haupo, uandike na apitishe. Mambo matatu lazima yatofautishwe: sifuri, “hajui” na “haihusiki”. Tuseme “hajui” imepewa 99 kwenye swali la idadi ya watoto. Kaya tisa zina watoto wanne wanne, ya kumi imeandikwa 99. Asiyejua msimbo akipiga wastani atapata watoto 13.5 kwa kaya. Na kisanduku kilichoachwa wazi kisijazwe sifuri. Sifuri maana yake mtu aliulizwa, akasema hana.

Halafu kuna saa. Mhojaji ameandika “anaamka saa 11”. Ukiingiza 11:00, umemwamsha mkulima saa tano asubuhi, wakati yeye alisema alfajiri, yaani 05:00. Saa za Kiswahili hupishana na za kompyuta kwa saa sita, na pasipoandikwa alfajiri au jioni huwezi kukisia. Weka alama, rudi kwa mhojaji.

Vipimo navyo vina mitego. “Gunia sita” ni la kilo 100 au ni lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo? “Debe” ni la lita 20 au ni ndoo ya nyumbani? “Ekari” imeandikwa kwenye safu ya hekta? Hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo kosa hilo moja linaongeza shamba la mtu zaidi ya mara mbili. Hata “ndugu” ina shida. Dodoso likiuliza “una ndugu wangapi”, mmoja atahesabu waliozaliwa naye tumbo moja, mwingine ataingiza watoto wa baba mdogo. Ukiona majibu ya 3 na ya 27 kijiji kimoja, walaumu waandishi wa swali kabla ya wahojiwa, na uwaambie mapema. Huo ni mchango wa kitafiti kabisa.

Excel ina tabia zake pia. Namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza sifuri hiyo, hivyo ifanye safu iwe ya maandishi kabla hujaanza. Tarehe 5/3 inaweza kugeuka Mei 3, andika 2025-03-05. Faili ghafi usiliguse kamwe: libaki lilivyo, fanya kazi kwenye nakala, na fungua daftari la masahihisho lenye namba ya dodoso, swali, jibu la awali, jibu jipya, sababu, jina lako na tarehe. Mwisho, mwenzako aingize upya madodoso 30 bila kuona yako, kisha mlinganishe. Kiwango cha makosa kinachovumilika mkubaliane kabla ya kulinganisha.

SWALI: Nilikusanya data miezi mitatu. Makala imetoka na jina langu halimo, nimeshukuriwa tu mwishoni. Nina haki gani? (Mhitimu, Dar es Salaam)

Tunaelewa uchungu wako. Kanuni inayofuatwa na majarida mengi ya afya, ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ina masharti manne, na mwandishi lazima ayatimize yote: mchango mkubwa katika kubuni kazi, au kupata data, au kuichambua, kushiriki kuandika au kuhakiki rasimu kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kukusanya data peke yake ni sharti moja. Lakini kanuni hiyohiyo inasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuidhinisha. Kama hukuonyeshwa rasimu, hapo ndipo penye hoja yako.

Mwandikie mtafiti mkuu kwa heshima, taja tarehe na ulichofanya, uliza kama kuna makala nyingine inayotokana na data hiyo ambayo ungeshiriki kuandika. Asipojibu, nenda kwa mkuu wa idara. Na mnaoanza sasa, ulizeni siku ya kwanza: “Nikifanya nini jina langu litaingia?” Jibu likitolewa kwa mdomo, tuma ujumbe jioni ileile kulirudia kwa maandishi.

SWALI: Nilitumwa kijijini kuhoji, mtendaji akanirudisha. Nilikuwa na kitambulisho cha chuo. Kosa langu nini? (Iringa)

Kitambulisho kinaonyesha wewe ni nani, hakisemi umeruhusiwa kufanya nini. Tanzania Bara barua hushuka ngazi kwa ngazi: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya na halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Beba nakala tano zenye mihuri, na ufike kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla hujabisha hodi nyumba yoyote.

Utafiti wa afya unaohusu watu unahitaji pia kibali cha maadili: Bara kuna NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), Zanzibar kuna ZAHRI (Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar). Mradi ukiwa na watafiti kutoka nje ya nchi, wao wanahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia ya huko. Kuvipata ni jukumu la mtafiti mkuu, ila wewe omba nakala na uhakikishe jina lako limo kwenye orodha ya wasaidizi. Kama halimo, marekebisho yaombwe kabla hujapanda basi. Data iliyokusanywa bila kibali huenda isikubaliwe na jarida, na wahojiwa watakuwa wamepotezewa muda bure.

SWALI: Mwanangu anasema anafanya utafiti na mwalimu likizo nzima, lakini haleti hata senti. Ni sawa? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Inategemea. Kazi ya chuoni ya saa chache kwa wiki mara nyingi haina malipo, anapata mafunzo na barua ya kumtambulisha mbeleni. Lakini akitumwa nje ya kituo, nauli, malazi na chakula ni vya mradi, na asitangulize fedha zako akingoja kurudishiwa. Amwombe msimamizi karatasi moja inayotaja siku, posho na tarehe ya malipo, aipate kabla ya safari.